Kijumba cha Magurudumu Mawili

Ng'washi aliposhika mti wa kuvutia tela na kuinyanyua kwa mkono mmoja, mwanawe akiwa amelala mgongoni, wanaume wa kampuni ya ngoma ya Igoma walinyamaza kama waliotiwa pamba mdomoni. Mmoja wao alikuwa anatafuna muwa. Taya zilisimama, muwa ukabaki unaning'inia.

"Weka chini, shemeji," alisema Maige, mpiga ngoma kubwa. "Utamwangusha mtoto."

"Mtoto yuko mgongoni. Mkononi nina nyumba."

Walikuwa uani kwa Akbarali, nyuma ya duka lake karibu na gati la Mwanza. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, na vyombo vya askari vilikuwa vinauzwa Nairobi kama mboga za jioni. Akbarali alinunua mahema, sepetu na sahani za bati, vyote vikaja kwa meli kupitia Kisumu. Ndani ya shehena hiyo zilikuwamo tela mbili zenye paa, ambazo maofisa walikuwa wakizilalia porini. Wiki nzima watu walipita kuzitazama. Nyumba yenye magurudumu! Wapo waliozunguka mara mbili wakitafuta msingi wake, na wapo waliosema kwamba mtu anayehama na kuta zake lazima kuna jambo analikimbia.

Tela kubwa ilikuwa na magurudumu manne, vitanda viwili na kabati. Ndogo ilikuwa na magurudumu mawili, kitanda kimoja, dirisha la kufungua kwa kusukuma nje, na mlango wa nyuma uliomlazimu mtu mzima ainame. Wanaume wote walikuwa wamejipanga mbele ya ile kubwa.

Kwa nini kampuni ya ngoma ilitaka nyumba ya magurudumu? Kwa sababu ya kifua cha mtoto.

Pamba ikishavunwa na kuuzwa, Usukumani ni wakati wa ngoma. Kila Jumamosi mchana, wakishatoka kazini, watu wa kampuni ya Igoma walifunga mikeka na kwenda kokote walikoitwa. Walilala nje, na Jumapili wakashindana. Ng'washi ndiye aliyekuwa mwimbishaji wao. Yeye ndiye aliyeshika usinga mbele ya mstari, akatoa wimbo, wenzake wakaupokea. Msimu huo alikuwa na mtoto mchanga, Kashindye, wa tatu kuzaliwa na wa kwanza kuishi. Walipokwenda Buhongwa, ngoma ya kwanza ya mwaka, walilala chini ya kibanda cha nyasi na umande ukaanguka. Mtoto alirudi nyumbani akipumua kama mvukuto uliotoboka. Siku alizougua, Ng'washi hakuimba hata wimbo wa kutwangia.

Kashindye alipopona, kampuni ilikaa kikao. Wengine walisema mama abaki nyumbani, aendelee na ulezi, ngoma haina haraka. Luhaga, mumewe Ng'washi, ndiye aliyekuwa manju, yaani mtunzi na mkuu wa kampuni. Mtu huyu hakujua kunyamaza hata usingizini, lakini siku hiyo aliwaacha wote wamalize kusema. Kisha akasema kwamba fedha walizopata kwa kupalilia mashamba ya watu zingeweza kununua tela moja ya Mhindi, mtoto akalala pakavu na mama yake akaimba.

Wakakubali, ila kwa sharti. Maige ndiye aliyelitamka. "Mtoto akilala salama, ni heri yetu sote. Lakini siku atakayokutoa mstarini ngoma ikiwa inalia, shemeji, usinga unakwenda kwa Odeta. Moja kwa moja."

Odeta alikuwa mwimbaji wa pili, mwenye sauti nzuri na ulimi mkali. "Mimi sijauomba," alisema. "Lakini mkinipa, sirudishi."

"Nimekubali," Ng'washi alijibu. Alijua amekubali nini. Akiupoteza usinga ule, angebaki mke wa manju, mtu wa kupika uji wa wachezaji na kusikia nyimbo zake zikiimbwa na mwingine.

Ndiyo maana sasa alikuwa ameshika mti wa tela ndogo na haachi.

"Kubwa ndiyo inayofaa kundi," Akbarali alisema, akiipiga ubavuni kama mtu anayeuza ng'ombe. "Chuma cha kwelikweli. Hii ndogo ni ya kuchezea watoto."

"Muuzie hiyo ndogo!" Sauti ilitoka barazani, ambako Nurbanu, mkewe Akbarali, alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. "Hiyo kubwa uliinunua kwa macho. Ng'ombe wanne hawaitoi hapo ilipo. Ndogo ni nyepesi, hata mimi naivuta."

Akbarali aligeuka polepole. "Wewe? Unaivuta? Lini?"

"Jumapili, ukiwa umelala mchana. Naivuta mpaka kule kwenye mawe, nafungua dirisha, nakunywa chai yangu nikitazama ziwa. Ukianza kuamka, nimekwisha kuirudisha."

Akbarali alitafuta pa kukaa, akakosa, akakalia debe tupu. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka mingi. Alimwangalia kana kwamba ndiyo kwanza ashuke melini.

"Nyumba ya kuvutwa na mwanamke!" Maige alitikisa kichwa. "Wapinzani wetu Wagika watatucheka mpaka walie."

"Kitu nisichoweza kukivuta mwenyewe," Ng'washi alisema, "siwezi kukitegemea."

Luhaga alikuwa wa kwanza kucheka. Wakachukua ndogo.

Jumamosi iliyofuata walifunga safari kwenda Igombe, ufukweni mwa ziwa. Tela ilivutwa na maksai wawili. Mmoja wao aliitwa Bwanashauri, kama mkuu wa wilaya wa Kizungu, kwa sababu alipenda kusimama katikati ya njia akiwazuia wengine wasipite. Kashindye alilala ndani peke yake, na njia nzima hakulia. Magurudumu yaliporuka jiwe, alitabasamu. Yalipozama mchangani, alipiga miayo. Lakini walipofika mtoni na ng'ombe wakasimama kunywa maji, mtoto alifungua macho na kupiga ukelele uliowashtua korongo. Ng'washi alimpa ziwa, akakataa. Akamwimbia, akakataa. Bwanashauri alipopiga hatua, gurudumu likazunguka, kilio kikakatika kama kamba.

"Huyu amezaliwa abiria," Odeta alisema.

Hapo mtoni Luhaga aliinama chini ya tela. Alikuwa na pembe ndogo iliyozibwa kwa nta, yenye dawa ya kuvuta watu. Kila manju ana yake. Hakupenda kutembea nayo begani, maana njiani macho ni mengi. Akaifunga kwa kamba ya katani kwenye mhimili, chini ya sakafu, akapangusa mikono. "Hapa hata mchawi haoni."

Ng'washi alikuwa hajui kama ni pembe inayovuta watu au ni sauti yake, na hilo si swali ambalo mke humuuliza manju.

Walifika Igombe jua likielekea majini. Wakaiegesha tela mahali pazuri, penye nyasi sawasawa, hatua chache kutoka mchangani. Maksai wakapelekwa kwenye zizi la mwanangwa, mkuu wa kijiji, nyuma ya kilima. Mzee Ngosha, mwanangwa mwenyewe, alikuja kuiona hiyo nyumba.

"Shikamoo, mwanangwa."

"Marahaba," alisema, lakini alikuwa anaisalimia tela. Akagonga ukuta kwa kidole na kurudi nyuma kidogo, kama anayetarajia kuambiwa karibu.

Kosa lilikuwa limekwisha kufanyika, na hakuna aliyeliona. Lilikuwa kosa la watu waliozoea kulalia mikeka. Mkeka unaukunja asubuhi, unakwenda nao upande wako. Nyumba hubaki pale ulipoiweka.

Wasukuma wote, kwenye ngoma, ni wa pande mbili, Wagalu au Wagika. Watu wa Igoma walikuwa Wagalu. Kampuni mbili hucheza wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watu huenda wanakotaka. Jua likizama, mwanangwa hutazama watu wamejaa wapi, na hao ndio washindi. Hakuna hukumu nyingine. Na pale Igombe palikuwa na desturi moja zaidi. Aliyefika mwisho ndiye anayechagua upande, asije akalalamika kwamba wenzake wamewahi kufukia dawa.

Wagika walijua desturi hiyo, kwa hiyo walifika Jumapili asubuhi, wakitembea pole kama maharusi. Manju wao, Shimba, mwanamume mrefu mwenye shanga mpaka kiunoni, alitazama uwanja, akatazama ziwa, akaitazama tela. Tabasamu likamtoka.

"Sisi tutakaa huku," akasema. "Upande wa maji."

Wagalu wakavuka kwenda upande wa kilima. Kila manju akafukia dawa mbele ya mstari wake. Kuanzia hapo hakuna ngoma, njuga, pembe wala mchezaji anayeukanyaga au kuuzunguka ule mstari mpaka jua lizame. Anayevuka amebeba nguvu za watu wake na kuzimwaga kwa adui. Ng'ombe walikuwa nyuma ya kilima. Tela ilikuwa nyuma ya mgongo wa Wagika.

Luhaga alisimama, akajipapasa bega la kushoto. Akajipapasa la kulia. Ng'washi aliona uso wa mumewe ukififia kama udongo wa kisima unaokauka.

"Pembe," Luhaga alinong'ona.

"Iko wapi?" Maige aliuliza.

"Chini ya kitanda cha mwanangu."

Maige alikalia ngoma yake kwa kishindo.

"Basi," Ng'washi alisema, kwa sababu ilibidi mtu aseme. "Tutaimba. Kwani mwaka jana watu walikuja kwa pembe peke yake?"

Kashindye alikuwa amelala ndani ya tela, akilindwa na shangazi yake Luhaga, Bibi Teodora. Bibi huyu alikuwa na masikio mazito na moyo mwepesi. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, mgeni miongoni mwa Wagika, wala hakujali. Mtoto akilala baada ya kunyonya, Ng'washi alihesabu moyoni, atafika adhuhuri.

Ngoma zikalia. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Ng'washi alitoa wimbo wa jembe na usinga ukakata hewa. Watu wakaanza kuja upande wa kilima, tena kwa mbio. Wanawake walipiga vigelegele. Mchuuzi wa karanga alitandika gunia lake palepale miguuni mwa Wagalu, na mchuuzi wa karanga hakosei.

Halafu watoto wawili wakaondoka. Ng'washi aliwaona wakikimbia, akadhani wanakwenda kuoga. Wakafuatwa na mama yao. Wakafuatwa na wazee watatu waliokuwa wakiegemea fimbo, na sasa fimbo walizibeba begani ili waende upesi. Ng'washi akainua sauti. Maige aliipiga ngoma kana kwamba ilimtukania mama. Watu waliendelea kuondoka.

Kupitia vumbi, aliona. Bibi Teodora alikuwa amesimama mlangoni mwa tela na mkono kiunoni, akiwapanga watu mstari. Anaingia mmoja, anatoka mmoja. Waliotoka walikuwa wameshika vichwa. "Ndani mna kitanda!" mwanamume mmoja alipaza sauti. "Kitanda, dirisha, na mahali pa birika! Jamani, na ukienda, vyote vinakwenda!"

Mchuuzi wa karanga alikunja gunia lake. Hakumtazama mtu usoni. Akaenda upande wa maji.

"Tumekufa," alisema Maige, bila kuacha kupiga.

Na Shimba hakuwa mjinga. Aliugeuza mstari wake uitazame tela, akatunga papo hapo, na Wagika wakapokea kwa furaha:

*Wagalu, ahsanteni kwa nyumba,*
*mmetuletea na mtoto ndani.*
*Leteni na mama yake jioni,*
*tupate kufunga mlango!*

Kicheko kilipanda mpaka kwenye majabali na kurudi. Ng'washi aliimba juu yake. Shingo ilimuuma, mshipa wa paji la uso ulisimama. Mbele yake walibaki watu wachache, na mmoja wao alikuwa amelala.

Hapo ndipo aliposikia. Ngoma mbili kubwa zilikuwa zinalia, njuga zilikuwa zinalia, mamia ya watu walikuwa wanacheka, na katikati ya hayo yote ulipita ukelele mwembamba kama uzi. Maziwa yalimtoka yenyewe na kulowesha kaniki yake. Aliimba ubeti mmoja zaidi. Ukelele ukaja tena, na safari hii ulikatika katikati, kama vile kifua kilivyokuwa kikikatika siku zile za homa.

Ng'washi aliacha kuimba. Alimgeukia Odeta na kumpa usinga.

"Ng'washi!" Luhaga aliita.

Mstari mzima ulisimama na mguu mmoja hewani. Odeta aliutazama usinga mkononi mwake kama mtu aliyepewa nyoka. Hakutabasamu. Ng'washi aliinama, akafungua njuga miguuni, akaziweka chini moja moja. Sasa hakuwa mchezaji, alikuwa mama wa mtu. Akauzunguka uwanja kwa nyuma ya majabali, mbio, akafika kwenye tela kwa viwiko.

"Pisheni! Pisheni, ni kwangu!"

"Panga mstari, mama, na sisi tumekuja mapema," mtu mmoja alimjibu.

Ndani, wanaume watatu walikuwa wamekaa kitandani, kofia mikononi, kama walioitwa barazani. Bibi Teodora alikuwa anawaonyesha mahali pa birika. Katikati yao, Kashindye alikuwa mwekundu wa kilio, ngumi hewani, na bibi mlinzi hakusikia lolote.

Ng'washi aliwatoa wale watatu kwa kutumia mlango na lugha. Akamchukua mtoto, akampa ziwa. Mtoto akakataa. Nje watu walikuwa wanagonga kuta, wanachungulia dirishani, wanaiyumbisha tela kujua kama ina mizizi. Mtoto akalia zaidi, akakohoa. Na kikohozi kile Ng'washi alikijua.

Akakumbuka mto. Akakumbuka Bwanashauri akipiga hatua.

"Shangazi!" alipiga kelele sikioni mwa Bibi Teodora. "Kaa humu! Mshike!"

"Tunakwenda wapi?"

"Anakwenda kulala!"

Akafunga mlango, akazunguka mbele, akaushika mti wa tela kwa mikono miwili. Ilisita, halafu gurudumu likatoka kwenye nyasi, kisha lingine. Hakuwa na mpango wowote mkubwa. Alitaka kuivuta mpaka kwenye mchanga mgumu kando ya maji, aende kidogo, arudi, mtoto alale. Hakukanyaga mstari wa mtu, maana upande ule wa ziwa hapakuwa na dawa wala mpaka.

"Inaondoka!" mtu alipiga ukelele. "Nyumba inaondoka!"

"Nani anaivuta?"

"Mwanamke! Mwanamke anavuta nyumba!"

Ng'washi hakugeuka. Alivuta huku akiimba taratibu wimbo wake mwenyewe wa jembe, ule alioacha katikati, lakini sasa pole, kama unavyoimbwa karibu na sikio. Nyuma ya ukuta wa bati, kilio kilishuka. Kikawa kunung'unika. Kikawa kimya. Akaendelea hatua chache zaidi ili awe na hakika, akafika kwenye jabali kubwa lililoingia majini, ambapo njia inaishia. Akatua mti wa tela, akajifuta jasho, akageuka arudi.

Akaushika tena mti wa tela.

Igombe yote ilikuwa nyuma yake. Wazee wa fimbo, wanawake na watoto mgongoni, wavuvi waliokuwa wakitandaza nyavu, mchuuzi wa karanga na gunia lake. Walikuwa wamesimama kimya, miguu majini, wakimsubiri. Nyuma yao kabisa uwanja ulikuwa mweupe kama sahani iliyorambwa. Wagalu walikuwa wanawachezea Wagika, na Wagika wanawachezea Wagalu. Kisha wakaacha.

Mzee Ngosha alifika akihema, kofia imepinda. "Nimeamua ngoma tangu Wajerumani," alisema. "Tangu Wajerumani! Sijaona. Watu hawako kwa huyu, hawako kwa yule. Nitasema nini jua likizama?"

"Wako kwenye nyumba," mtu mmoja alimjibu.

"Nyumba haichezi ngoma! Watu bila ngoma ni baraza la kodi!"

Kicheko kilipasuka, na kicheko kile kikaleta ngoma. Wagika, ambao hawakuwa na mstari wa kuvuka, walikuja wameibeba ngoma yao juu, Shimba mbele, shanga zikilia. Aliiweka mchangani mbele ya Ng'washi.

"Mama," alisema, na safari hii hakuwa na dhihaka. "Nimeona kwamba kwenu umeachia usinga kwa sababu mtoto amelia. Kwetu kuna usinga. Wewe una watu, sisi tuna ngoma. Imba."

Akauchomoa wake mwenyewe kiunoni, wenye mpini wa shaba, akamnyooshea.

Ng'washi aliutazama. Mbele yake alikuwa na kila kitu alichokitaka asubuhi ile, isipokuwa kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Na watu mamia walikuwa wanamtazama yeye, si tela. Hilo ndilo lililomshtua kuliko yote.

Kisha watu wa nyuma waligeuka. Mtu mmoja alisema, "Hapana. Haiwezekani." Mzee Ngosha alishika kofia kwa mikono miwili.

Luhaga alikuwa anakuja na ngoma kubwa kichwani. Hakuzunguka majabali. Alikuwa anakata uwanja katikati. Alifika kwenye mstari wake mwenyewe, alioufukia asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, akaukanyaga. Kishindo cha mguu ule kilikuwa kidogo, lakini watu walishika vinywa kana kwamba ametembea juu ya kaburi. Akaukanyaga na wa Wagika. Nyuma yake Maige, amefumba macho. Nyuma ya Maige Odeta, na kampuni nzima.

Luhaga aliitua ngoma. Alikuwa anatweta. Alitazama usinga wa shaba, akamtazama mkewe.

"Nimetoka mstarini," Ng'washi alimwambia. "Ngoma ikiwa inalia. Mlisema."

"Mstari upi?" Luhaga alisema. "Mimi mwenyewe nimeukanyaga. Hakuna mstari tena."

Maige alifumbua jicho moja. "Nami ndiye niliyelisema lile neno," akasema. "Na nimeukanyaga vilevile. Mungu anisaidie."

Odeta alijipenyeza mbele. Akauingiza usinga kwenye kiganja cha Ng'washi na kukifunga vidole kimoja kimoja.

"Ulisema hurudishi," Ng'washi alisema.

"Sirudishi. Nakodisha. Jumamosi ijayo, mvua ikinyesha, mimi ndiye nitakayelala humo ndani."

Shimba alirudisha usinga wake kiunoni polepole. "Haya," alisema. "Lakini mkinyang'anyana tena, mimi niko."

Maige akaisogelea ngoma, akakunja mikono ya shati, akainua magongo juu ya kichwa kama mtu anayetaka kuvunja jabali. Ng'washi alimshika mkono hewani.

"Polepole, shemeji. Mtoto amelala."

Maige alimtazama kwa hofu. Alikuwa hajawahi kupiga polepole maishani. Aligusa ngozi kwa ncha ya gongo, dum, akasikiliza dirishani. Kimya. Akagusa tena. Ng'washi akatoa wimbo wa jembe kwa sauti ya chini, na Wagalu wakaupokea kwa sauti ya chini, na watu wote wa Igombe, wavuvi na wazee na mchuuzi wa karanga, wakaupokea kwa kunong'ona, mamia ya watu wakinong'ona wimbo mmoja miguu ikiwa majini. Hata Wagika wengine, Mungu awasamehe, midomo yao ilikuwa inacheza. Hakuna mtu pale aliyewahi kusikia ngoma ya namna hiyo, na walitazamana wakiimba, macho yamewatoka, kama watu wanaoibiwa wakiona.

Jua liligusa maji. Mzee Ngosha alipanda kwenye jiwe ili atangaze kwa sauti kubwa, kama alivyofanya tangu Wajerumani. Alivuta pumzi, akafungua kinywa.

Bibi Teodora alitoa kichwa dirishani na kidole mdomoni.

Mwanangwa alishuka kwenye jiwe, akamwinamia mtu wa kwanza sikioni. "Wagalu," alinong'ona. "Mpitishie mwenzako."